Uvimbe Usiouma, Tonge Linalouma

"Daktari, kabla hujanipasua nilikuwa nakula vizuri."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameketi mbele yangu kliniki, kovu la shingoni limeshakauka na kubaki mstari mwembamba uliojificha kwenye mkunjo wa ngozi, akinieleza kwa utulivu jambo lililokuwa likimsumbua tangu aruhusiwe kutoka wodini. Kila anapoanza kula, tonge la kwanza likiingia tu mdomoni, maumivu makali yanamshika chini ya sikio, kwenye kona ya taya, upande ule ule tuliompasua. Yanambana kwa sekunde chache mpaka anafumba macho. Tonge la pili linauma kidogo. La tatu si kitu. Akimaliza kula ameshasahau. Mlo unaofuata, yanaanza upya.

Nilijua ni nini. Nilikuwa nimemtajia kabla ya upasuaji kwamba jambo hilo linaweza kutokea, na lilikuwa limeandikwa kwenye fomu aliyotia sahihi. Nikamweleza tena, nikamwandikia dawa, nikampangia tarehe ya kurudi.

Ila ile sentensi yake haikuniacha.

Tangu siku hiyo imekuwa ikinijia nikiwa njiani, nikinawa mikono kabla ya kuingia thieta, nikitazama picha za wagonjwa wengine. Mama huyu (nimebadilisha mambo machache ili asitambulike) alikuja na uvimbe ambao haukuwa saratani na haukuwa ukimuuma. Tumeuondoa wote. Sasa anaumia.

Hakuniuliza kama ilistahili. Nimejiuliza mwenyewe.

Findo lililosogezwa

Hakuja kwa sababu ya shingo. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba kwa miezi, na nyumbani walimwambia anakoroma kuliko zamani. Daktari wa meno aliyekuwa akimtazama jino ndiye aliyegundua kwamba upande wa kushoto wa kaakaa laini umejaa, findo limesukumwa kuelekea katikati, na kilimi kimelala upande wa pili. Kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshapewa dawa za kuua bakteria, na palikuwa na mazungumzo ya kutoboa ili usaha utoke.

Nilipomwomba afungue kinywa, alikifungua chote.

Hilo peke yake liliniambia mengi. Mwenye jipu la kando ya findo hafungui kinywa hivyo. Misuli ya taya inakakamaa, homa ipo, mate yanamtoka kwa sababu kumeza ni adhabu, na yote hayo yametokea ndani ya siku chache. Huyu hakuwa na hata moja. Utando uliofunika ule uvimbe ulikuwa laini, wa rangi yake ya kawaida, mzima kabisa. Nikaweka kidole kimoja chenye glavu ndani ya kinywa, juu ya uvimbe, na vidole viwili nje, chini ya kona ya taya. Nilipobonyeza kwa ndani, vidole vya nje vilisukumwa.

Kitu kimoja kilikuwa kimekaa kati ya mikono yangu miwili, na karibu chote kilikuwa mahali ambapo jicho halifiki.

Hapa naomba nisizungukezunguke: uvimbe wa namna hii usitobolewe wala kukatwa kupitia kinywani kabla ya kupigwa picha. Huenda ni uvimbe uliojaa mishipa ya damu. Huenda ateri ya karotidi yenyewe, ile kubwa inayopandisha damu kichwani, imesukumwa na iko milimita chache nyuma ya utando unaotaka kuukata. Na hata kama ni uvimbe wa tezi ya mate usio na hatari hiyo, ukishachana ganda lake umeuunganisha na utando wa koo kwa kovu, na umemwachia daktari atakayefuata kazi ngumu mara mbili. Simlaumu aliyedhani ni jipu. Majipu ni mengi, uvimbe huu ni nadra, na daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nao. Namshukuru zaidi yule aliyesita.

Nyuma ya ukuta wa koo

Kando ya koromeo, kila upande, kuna nafasi yenye umbo la piramidi iliyopinduliwa. Kitako chake kiko juu, chini ya fuvu. Ncha yake iko chini, kwenye hioidi, kimfupa kilicho juu ya zoloto. Kwa nje imezibwa na taya na parotidi, tezi kubwa ya mate iliyo mbele na chini ya sikio, kwa nyuma na uti wa mgongo pamoja na misuli yake. Upande pekee unaokubali kusukumwa ni wa ndani, ukuta wa koromeo. Ndiyo maana kinachoota humo hujitokeza kinywani, na kwa kawaida lazima kifikie kama sentimita 2.5 hadi 3 kabla mtu yeyote hajakiona. Wengine hugunduliwa kwa bahati tu, wamepigwa picha ya kichwa kwa sababu nyingine kabisa.

Mfupa mwembamba wa stiloidi na tando zinazoshikamana nao huigawa nafasi hiyo sehemu mbili. Mbele kuna mafuta, kipande cha ndani cha tezi ya parotidi, na vitezi vidogo vya mate. Nyuma kuna ateri ya karotidi ya ndani, vena kuu ya shingo, neva za ubongo kuanzia ya 9 hadi ya 12, na mnyororo wa neva za simpathetiki, zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru.

Uvimbe wa nafasi hii ni takriban asilimia 0.5 ya uvimbe wote wa kichwa na shingo. Kati yake, karibu asilimia 80 si saratani, na unaoongoza ni ule wa tezi za mate uitwao adenoma pleomofiki. Takwimu hizo zinatuliza. Lakini aliyeketi mbele yako si takwimu, na asilimia 20 iliyobaki hukaa mahali pale pale.

Mafuta yamesogea upande gani?

Picha ya MRI ilipotoka niliishusha hadi chumba cha radiolojia badala ya kusoma ripoti peke yake. Ni tabia niliyoijenga kwa uvimbe wa eneo hili. Ripoti inakupa jibu. Kukaa na mtaalamu wa radiolojia kunakupa sababu za jibu, na sababu ndizo utakazoingia nazo thieta.

Katika shingo ya ndani uvimbe huutambui kwa sura yake tu. Unautambua kwa kutazama umemsukuma nani.

Tulianza na ateri. Ilikuwa imesukumwa nyuma. Uvimbe unaotoka kwenye sehemu ya mbele, yaani wa tezi za mate, huisukuma karotidi nyuma. Unaotoka kwenye neva za sehemu ya nyuma, kama shwanoma (uvimbe wa ganda la neva) ya vagasi, ile neva ya 10, huileta mbele. Paraganglioma, ambayo ni uvimbe wa damu nyingi, mara nyingi huonyesha vitone vyeusi ndani yake, alama za damu inayopita kwa kasi. Hapa hapakuwa na vitone. Uvimbe uling'aa mweupe kwenye aina ya picha inayoonyesha majimaji, kingo zake zikiwa na vibonge vibonge, na ukanda mweusi mwembamba wa ganda ukiuzunguka.

Kisha tukahamia kwenye mafuta, na hapo tulikaa muda mrefu.

Mafuta ya nafasi hii huonekana vizuri sana kwenye MRI. Kama ukanda wa mafuta umebaki kati ya uvimbe na tezi ya parotidi, uvimbe umezaliwa peke yake, kwenye kitezi kidogo cha mate, na parotidi haihusiki. Kama ukanda huo umepotea, uvimbe umetoka kwenye kipande cha ndani cha parotidi na umepenya kuelekea koromeoni. Tofauti hiyo ni ya milimita, na inaamua kama utaigusa neva ya uso au la. Neva ya uso hupita ndani ya parotidi, ikitenganisha kipande cha juu na cha ndani. Ndiyo inayofumba jicho, inayoinua shavu, inayoshusha mdomo.

Mwenzangu alisogeza picha juu, akaishusha, akairudisha. Kwenye kipande kimoja ukanda ulionekana. Kwenye kinachofuata ulififia. Kwenye cha tatu ukarudi.

"Mimi nasema haupo," alisema. "Pale unapouona ni mafuta yaliyobanwa, si mpaka."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuutamani uwepo, kwa sababu ungenirahisishia kazi. Nilikubaliana naye, na sehemu kubwa ya mpango wetu ilibadilika palepale.

Mwaka 1957 Patey na Thackray waliandika kuhusu uvimbe huu wa parotidi unaoingia ndani, na maelezo yao bado yanatumika. Kati ya taya na mfupa wa stiloidi kuna kichochoro chembamba. Uvimbe ukikua kupitia humo hubanwa katikati na kubaki na vichwa viwili, kimoja nje chini ya sikio, kingine ndani karibu na koo. Usipopitia hapo unabaki wa mviringo. Wa mama huyu ulikuwa na kiuno hafifu, kisichoonekana vizuri ila kwenye kipande kimoja cha picha.

Sindano

Wapo madaktari wanaosema, kama picha iko wazi na utapasua vyovyote vile, sindano ya nini? Naielewa hoja yao. Mimi bado naichoma, kwa sababu moja: nataka kujua kama ni saratani kabla ya kumketisha mgonjwa na familia yake, si baada.

Sindano ni nyembamba, inaongozwa na picha za CT, inapita nyuma ya taya au kupitia shavuni kukwepa mishipa. Haichukui kinyama, inachukua seli chache. Kwa uvimbe ulio ndani kiasi hiki, mara nyingine majibu hurudi na neno lisilosaidia kitu: sampuli haitoshi. Tangu 2018 wataalamu wa patholojia wengi wanaripoti sindano za tezi za mate kwa mfumo wa Milan, wenye makundi makuu sita, na kila kundi limefungamanishwa na kiwango cha hatari ya saratani. Mfumo huo umepunguza ripoti za zamani zilizokuwa ndefu na zisizosema lolote.

Jibu lake lilikuwa la wazi: adenoma pleomofiki.

Alifurahi sana. Mumewe alifurahi kuliko yeye. Na ndipo alipouliza swali ambalo kila mgonjwa mwenye akili timamu angeuliza.

Kwa nini tusiuache tu?

"Kama si saratani, na hauniumi, ukiuacha utanifanya nini?"

Majibu yangu yalikuwa tayari. Hauachi kukua. Hukua polepole, kwa miaka, lakini hukua, na ukikua utaziba njia ya hewa usiku na kufanya kumeza kuwe kazi. Pia kuna hatari ya kugeuka saratani, na hatari hiyo huongezeka kadiri unavyokaa: takwimu zinazotajwa mara nyingi ni kama asilimia 1.5 katika miaka mitano ya kwanza na kufikia kama asilimia 9.5 baada ya miaka 15. Tena upasuaji wa uvimbe mdogo ni rahisi kuliko wa mkubwa.

Yote hayo ni kweli. Nilipomaliza kuyasema, niliona anatikisa kichwa kukubali, na nikajikuta nataka kumzuia.

Kwa sababu upande wa pili wa mizani una vitu pia. Kuna mdomo unaopinda. Kuna sauti inayokwaruza neva ya vagasi ikivutwa. Kuna kope inayolegea neva za simpathetiki zikiumia. Na kuna tonge la kwanza. Nilimtajia kila kimoja. Alisikiliza, akaniuliza kuhusu mdomo na sauti, hakuniuliza kuhusu tonge. Nadhani mtu hawezi kuuliza kuhusu maumivu ambayo hajawahi kuyawazia.

Alikuwa na umri wa makamo, mwenye afya, na miaka mingi mbele yake ya uvimbe kuendelea kukua. Sikio lilikuwa limeziba tayari. Kukoroma kulikuwa kumeanza. Niliamini, na bado naamini, kwamba kwa mtu kama yeye hesabu inaelemea upasuaji.

Nafasi ya kwanza ndiyo yenyewe

Historia ya adenoma pleomofiki imeandikwa na makosa ya haraka. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, njia ya kawaida ilikuwa kupasua ganda na kuukamua uvimbe. Ulitoka kirahisi, neva ya uso ikasalimika, mgonjwa akaenda nyumbani akiwa na furaha. Miaka ikapita, ukarudi. Mfululizo wa wagonjwa wa wakati huo unaonyesha uvimbe ukirudi kwa asilimia 20 hadi 45.

Tatizo ni ganda lenyewe. Si ganda kamili. Lina sehemu nyembamba, lina mapengo, na vidole vya uvimbe hujichomoza kupitia humo. Likipasuka, seli humwagika kama mbegu shambani, na kinachoota baadaye si uvimbe mmoja bali vijiuvimbe vingi vilivyotawanyika kwenye mafuta, kwenye kovu, kando ya neva. Mara nyingine hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi. Nimewaona wagonjwa wa namna hiyo, waliopasuliwa mahali pengine zamani. Upasuaji wa pili ni mgumu, wa tatu ni mgumu zaidi, na kila mara neva ya uso inakuwa rehani.

Kwa hiyo kanuni tuliyofundishwa ni kuutoa uvimbe pamoja na nyama nzima inayouzunguka. Kwenye parotidi ya juu hilo linawezekana. Ndani, kando ya koromeo, haliwezekani. Upande mmoja kuna karotidi, upande mwingine utando wa koo, na katikati ni mafuta membamba. Hapo unalotoa ni uvimbe na ganda lake, basi. Kinachokuokoa ni kwamba mafuta hayo ni mepesi na yanaachia.

Hilo nalo limenisumbua miaka mingi: kanuni ninayoisisitiza kwa wanafunzi wangu, mimi mwenyewe naipinda kila ninapoingia huku ndani.

Njia ziko kadhaa. Kuna ya kupasua mdomo na taya ili nafasi yote ifunguke. Inaonyesha kila kitu, lakini mgonjwa anabaki na kovu usoni, bamba za chuma kwenye taya, na mara nyingi tundu la kupumulia shingoni kwa siku za mwanzo. Kwa uvimbe usio saratani naiona ni bei kubwa mno, ila kwa wachache. Kuna ya kupitia kinywani, ambayo imepata nguvu mpya tangu upasuaji wa roboti kwa njia hiyo uidhinishwe Marekani mwaka 2009. Haina kovu la nje, mgonjwa anarudi kula mapema. Kwa uvimbe wa vitezi vidogo vilivyo karibu na koromeo naiona ina nafasi yake. Lakini inakuleta kwenye uvimbe kutoka upande wa ndani, huku karotidi ikiwa nyuma yake, na ripoti za ganda kupasuka si chache kiasi cha kunifanya nilale usingizi. Kwa uvimbe wenye kiuno, uliozaliwa ndani ya parotidi, sikuifikiria.

Tulichagua shingo, tukiunganisha na parotidi ili neva ya uso ionekane kwanza.

Kidole nyuma ya ganda

Sitasimulia upasuaji wote. Nitasimulia sehemu moja.

Neva ya uso ilikuwa imeshapatikana mahali inapotokea chini ya fuvu, matawi ya chini yamefuatwa na kulindwa. Tezi ya mate ya chini ya taya ilikuwa imesogezwa mbele. Nilikuwa natazama ligamenti inayounganisha mfupa wa stiloidi na taya, ukanda mweupe, mgumu, mfupi. Ligamenti hiyo ndiyo mlango. Ikikatwa, taya linaweza kuvutwa mbele na nafasi iliyokuwa finyu inafunguka kwa kiasi kikubwa. Niliikata. Msaidizi wangu akavuta taya, na kwa mara ya kwanza tuliuona uvimbe: rangi ya kijivu yenye ubuluu, unang'aa, na vijishipa vyembamba vya damu vikitambaa juu ya ganda.

Kuanzia hapo hakuna koleo linaloruhusiwa kuushika. Hakuna mfyonzo wenye ncha unaouegemea.

Kinachobaki ni kidole. Unakipitisha taratibu kati ya ganda na mafuta, unaachanisha, unasubiri, unaachanisha tena. Wapo wanaoipinga njia hii kwa sababu huoni unachokigusa, na wana hoja nzito. Mimi najitahidi kuona kadiri ninavyoweza, kwa taa ya kichwani na kwa kuvuta taya, na kidole nakiachia kile kipande cha mwisho tu. Kwenye pembe ya juu, karibu na fuvu, nilihisi mpigo wa karotidi kwenye ncha ya kidole. Ulikuwa nyuma, pale pale picha iliposema.

Kisha uvimbe ukakwama.

Kwa dakika hizo shauku ya kuvuta ni kubwa kuliko mtu anavyoweza kuamini. Kila mtu chumbani anaona kwamba umebaki kidogo. Nilitoa kidole, nikaomba taya livutwe upya kwa pembe nyingine, tukapumzika kidogo. Nilipoingia tena nikakuta ni uzi mmoja wa utando uliokuwa umeushikilia kwa nyuma. Tukauona, tukaukata kwa kuuona, na uvimbe ukatoka mzima, zaidi kidogo ya sentimita 5, tukaupeleka kwenye trei na kuugeuza chini ya taa kila upande kutafuta mpasuko. Hatukuuona. Ripoti ya patholojia baadaye ilisema hivyo hivyo: ganda zima, hakuna dalili ya saratani.

Jioni alifumba macho yote mawili nilipomwomba, akatabasamu sawasawa pande zote mbili. Sauti yake ilikuwa ile ile.

Kinachotokea kwenye tonge la kwanza

Maumivu haya yaliandikwa na William Haubrich mwaka 1986, na tangu hapo yanajulikana kama sindromu ya tonge la kwanza. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: tezi ya parotidi hupokea amri kutoka mifumo miwili ya neva. Nyuzi za simpathetiki hupanda na ateri ya karotidi ya nje hadi kwenye tezi. Katika upasuaji wa huku ndani nyuzi hizo huweza kukatika, kwa sababu zimekumbatiana na mishipa tunayolazimika kuisogeza au kuifunga. Tezi ikishapoteza neva hizo, vipokezi vyake vinabaki na njaa na kuwa vyepesi kupita kiasi. Mtu anapoanza kula, mfumo wa pili unatoa amri ya mate, na seli za kukamua mate zinajibu kwa mkazo mkubwa ghafla. Baada ya matonge machache zinachoka, maumivu yanaisha. Akipumzika hadi mlo mwingine, zimejikusanya upya. Vitu vichachu ndivyo vibaya zaidi. Wengine huumia kwa kuwaza chakula tu.

Tiba zipo. Dawa za maumivu ya neva huwasaidia baadhi. Sindano ya botulinamu ndani ya parotidi huipumzisha tezi kwa miezi. Kwa wengi maumivu hupungua yenyewe kadiri muda unavyokwenda. Kwa wachache hayaondoki kabisa.

Aliporudi tarehe niliyompa, alikuwa na nafuu kidogo. Nikamwuliza lile lililokuwa likinikera. Angelijua hili vizuri zaidi, angekubali upasuaji?

Alifikiri.

"Sijui," alisema. "Uliniambia kwamba itauma. Hukuniambia inauma vipi."

Nimejaribu kulijibu hilo kichwani kwa kila namna. Upasuaji nisingeubadilisha: uvimbe umetoka mzima, uso wake uko salama, na hesabu ya miaka 20 ijayo iko upande wake. Ila hesabu hiyo niliifanya kwa vipimo vyangu, ambavyo ni ganda, neva na picha. Kipimo chake ni mlo, na ameketi kula kila siku.

Mzee aliyesubiri

Muda si mrefu alikuja mzee mwenye umri mkubwa, moyo wake dhaifu, aliyepigwa picha ya kichwa kwa sababu ya kizunguzungu. Mbele ya mfupa wa stiloidi kulikuwa na uvimbe wa sentimita 3, karotidi nyuma yake, mafuta yamebaki mazima pande zote. Sindano ikasema adenoma pleomofiki. Hakuwa na dalili hata moja.

Safari hii nilianza na tonge. Nilimweleza kona gani ya taya, kwa sekunde ngapi, na jinsi linavyorudi mlo unaofuata. Kisha nikamweleza kuhusu uvimbe kukua, kuhusu kugeuka saratani, kuhusu nusu kaputi na moyo wake. Binti yake aliandika kila kitu. Walinitaka muda wa kuzungumza wao wenyewe, nikawapa.

Aliamua kusubiri, na nadhani kwa hali yake ningeamua hivyo hivyo.

Kusubiri si kuacha. Tumekubaliana juu ya MRI ya kila mwaka, mashine ile ile ikiwezekana, ili vipimo vilinganishwe. Binti yake ana orodha ya yanayopaswa kumleta kabla ya tarehe: maumivu, uvimbe kukua haraka, kinywa kushindwa kufunguka, sauti kukwaruza, ulimi kupinda upande mmoja, uso kulegea. Picha ya pili imeshapigwa. Mwenzangu wa radiolojia alipima mara mbili, na uvimbe haukuwa umebadilika. Ya tatu imepangwa mwakani, na mama wa tonge la kwanza anarudi mwezi ujao kwa sindano ya botulinamu.